Sura ya Sita: Ushahidi wa Vivuli

Tiketi ya basi imeandikwa 15:00. Wewe unasoma saa tisa alasiri. Unajua safari huchukua saa mbili, basi unajiambia utafika saa kumi na moja jioni. Anayekupokea anapenda saa za kwenye simu, nawe unamwandikia 17:00. Hukuhisi kwamba umefanya hesabu yoyote. Lakini umefanya mambo matatu kwa mfuatano: umetoka kwenye saa ya tiketi ukaingia kwenye saa ya Kiswahili, umetenda ulichotaka kutenda, kisha umerudi ulikotoka. Toka, tenda, rudi.

Sura hii imejengwa juu ya maneno hayo matatu. Kutokana nayo huzaliwa swali ambalo wanahisabati wamelibeba kwa miaka mingi, nami naliona kuwa miongoni mwa maswali mazuri kuliko yote: kitu kisicho na mwisho kikikuonyesha vivuli vyake tu, je, vivuli hivyo vinatosha kukujulisha ukweli wake?

Wenza

Katika sura zilizopita tumeliita kundi mkusanyo wa matendo yanayoweza kufuatana na kutenguliwa. Misogeo ya mchemraba wa Rubik ni kundi. Kuzungusha uso wa saa ni kundi. Sharti ni moja: kila tendo liwe na tendo la kulifuta.

Sasa chukua tendo lolote, uliweke katikati ya kutoka na kurudi. Mpishi hufunua sufuria, hutia chumvi, hufunika. Anayecheza mchemraba wa Rubik husogeza kipande hadi mahali anapoweza kukishughulikia, hukishughulikia, kisha husogeza kinyume. Tendo jipya linalopatikana si lile la kwanza, lakini lina umbo lilelile. Limehamishwa mahali tu. Matendo mawili yanayohusiana namna hii nitayaita wenza. Neno ambalo wanahisabati wa Ulaya walilichukua kutoka Kilatini lina maana ya kufungwa nira moja, kwa hiyo Kiswahili hakijaenda mbali nalo.

Tuangalie saa ya ukutani yenye tarakimu 12. Chora mstari kutoka 12 hadi 6, upindue uso wa saa kuuzunguka mstari huo. Tarakimu 12 na 6 zinabaki mahali pake. 1 inabadilishana na 11, 2 na 10, na kadhalika. Huo ni mpinduo. Upo pia mpinduo wa mstari wa 1 na 7. Je, ni wenza? Rudisha uso nyuma saa moja, pindua kwenye mstari wa 12 na 6, songa mbele saa moja. Tarakimu 1 ilikwenda kwenye 12, ikatulia pale, ikarudi kwenye 1. Umepata mpinduo wa 1 na 7 barabara. Ndiyo, ni wenza.

Lakini upo mpinduo mwingine, ule ambao mstari wake hupita katikati ya 12 na 1, na katikati ya 6 na 7. Huu hauachi tarakimu hata moja mahali pake. Hauwezi kuwa mwenza wa mipinduo ya kwanza, kwa sababu kutoka na kurudi hakubadilishi idadi ya tarakimu zinazotulia. Mbili haziwezi kuwa sifuri. Tumepata ushahidi mmoja mdogo, nao unatosha kufunga kesi.

Swali la Dehn

Mwaka 1911 Mjerumani Max Dehn aliuliza maswali matatu kuhusu makundi yasiyo na kikomo yanayoelezwa kwa matendo machache ya msingi na kanuni chache. La kwanza: ukipewa mfuatano wa matendo, unaweza kujua kama mwishowe hubadilishi kitu? La pili: ukipewa matendo mawili, unaweza kujua kama ni wenza? La tatu: ukipewa makundi mawili, unaweza kujua kama kwa hakika ni kundi moja lenye majina mawili?

Dehn alifikia maswali hayo kwa kutazama nyuso na mafundo, vitu vya jiometri ambavyo unaweza kuvishika kwa mawazo kama mtu anavyoshika kamba. Maisha yake yalimvuta kwa ukatili. Alifundisha Frankfurt hadi utawala wa Wanazi ulipomwondoa mwaka 1935 kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Alikimbia kupitia nchi za Skandinavia, akavuka Siberia na Japani hadi Marekani, akaishia katika chuo kidogo cha sanaa cha Black Mountain huko North Carolina, ambako alifundisha hadi alipofariki mwaka 1952. Miaka 3 baadaye, mwaka 1955, Pyotr Novikov wa Urusi alitoa jibu ambalo wengi hawakulitarajia: kuna makundi ambayo hata swali la kwanza la Dehn haliwezi kujibiwa kwa utaratibu wowote. Si kwamba utaratibu haujapatikana; haupo.

Tangu hapo kazi ilibadilika. Badala ya kutafuta ufunguo wa milango yote, ilibidi tuulize ni makundi yapi yaliyo na adabu, yanayokubali kuulizwa na kujibu. Hapo ndipo vivuli vinapoingia.

Mstari usio na mwisho

Funua uso wa saa, uunyooshe uwe mstari wa namba kamili: hasi 2, hasi 1, 0, 1, 2, bila mwisho pande zote mbili. Matendo yetu ni yaleyale. Unaweza kusogeza mstari wote hatua kadhaa, au unaweza kuupindua. Mpinduo wa 0 huacha 0 mahali pake na kubadilisha 3 na hasi 3. Mpinduo wa nusu huzunguka nukta iliyo kati ya 0 na 1: hubadilisha 0 na 1, hasi 1 na 2. Hili sasa ni kundi lisilo na kikomo.

Kivuli cha kundi hili hupatikana kwa kuuviringisha mstari kwenye saa. Chagua saa ya tarakimu 12, au 24, au 3, au 2; kila namba huangukia kwenye baki lake, kama vile siku ya 15 ya safari iliyoanza Jumatatu huangukia Jumatatu. Kivuli kina kikomo. Unaweza kukikagua chote kwa karatasi na kalamu. Nacho ni kiaminifu upande mmoja: matendo yaliyo wenza kwenye mstari yatabaki wenza kwenye kila kivuli. Yasipokuwa wenza kwenye kivuli kimoja tu, basi si wenza kabisa.

Mpinduo wa 0 na mpinduo wa nusu, je? Kwenye saa ya tarakimu 3, mpinduo wa 0 huiacha 0 na kubadilisha 1 na 2. Mpinduo wa nusu huiacha 2 na kubadilisha 0 na 1. Kila mmoja huacha tarakimu moja, na ukisogeza kidogo unaupata mmoja kutoka kwa mwingine. Kivuli hiki kinasema ni wenza. Nenda kwenye saa ya tarakimu 2. Mpinduo wa 0 huziacha 0 na 1 zote mahali pake, kwa kuwa hasi 1 na 1 zina baki lilelile. Mpinduo wa nusu huzibadilisha. Hapa haifanani hata kidogo. Shahidi wa 3 hakuona. Shahidi wa 2 aliona. Kesi imekwisha.

Wapelelezi wawili

Tuseme kundi lina tabia hii njema kila mara: matendo yasiyo wenza hufichuliwa na kivuli fulani chenye kikomo. Mwaka 1958 Anatoly Maltsev alionyesha kwamba hapo swali la pili la Dehn limejibika, na hoja yake inaweza kusimuliwa kwa mtu yeyote.

Waajiri wapelelezi wawili. Wa kwanza anatafuta uthibitisho wa uenza: anajaribu kila njia ya kutoka na kurudi, moja baada ya nyingine, bila kupumzika. Wa pili anatafuta uthibitisho wa kinyume: anafungua kila kivuli, kimoja baada ya kingine, na kuangalia kama matendo yale mawili yanaachana. Kama ni wenza, wa kwanza atafaulu siku moja. Kama si wenza, wa pili atafaulu siku moja. Hatujui ni nani atakayegonga mlango, wala lini. Tunachojua ni kwamba mmoja atagonga, na hilo linatosha.

Makundi yenye tabia hii si adimu. Makundi huru yanayo, yale ambayo ndani yake hakuna kanuni yoyote isipokuwa kwamba tendo likifuatwa na kinyume chake hufutika. Katika miaka ya 1970 Joan Dyer alithibitisha kwamba hata makundi yaliyo karibu huru, yaani yenye kundi huru ndani yao linalochukua sehemu kubwa yao, yanayo pia. Mwaka 2013 Emily Hamilton, Henry Wilton na Pavel Zalesskii walithibitisha kwamba makundi yanayotokana na maumbo ya vipimo 3 yanayo. Hiyo ni nchi jirani kabisa na ile aliyotembea Dehn.

Kukusanya vivuli vyote

Badala ya kuviuliza vivuli kimoja kimoja, tunaweza kuviita vyote barazani kwa pamoja. Fikiria kiumbe ambacho hukijui ila kwa namna kinavyosimama kwenye kila saa. Kwenye saa ya 24 kinasimama 17. Basi kwenye saa ya 12 lazima kisimame 5, na kwenye saa ya 2 lazima kisimame 1. Ushahidi wote upatane. Kila kiumbe chenye ushahidi unaopatana hivyo tunakikubali. Mkusanyo wao huitwa ukamilisho wa profinaiti.

Kila namba ya kawaida imo: 17 inasimama mahali pake kwenye kila saa. Lakini wamo wageni pia. Chukua 1, ongeza 1×2, ongeza 1×2×3, ongeza 1×2×3×4, endelea bila kukoma. Kwenye mstari wa kawaida jumla hii hupaa isionekane. Kwenye saa ya 12 imetulia kabisa: 1 na 2 na 6 ni 9, na kila kinachofuata ni 24 au kigawe cha 24, kwa hiyo hakisogezi kitu. Inasimama 9. Kwenye saa ya 10 inasimama 3. Haijalishi saa unayoichagua, baada ya hatua chache jumla inatulia, na majibu yake yote yanapatana. Lakini hakuna namba kamili inayosimama hivyo kwenye saa zote. Ni mkazi halali wa ukamilisho ambaye hana makao kwenye mstari.

Hapa swali letu linapata sura mpya. Matendo mawili yakiwa wenza kwenye kila kivuli, inathibitika kwamba ni wenza ndani ya ukamilisho. Njia ya kutoka na kurudi ipo, ila huenda inapita kwa mgeni. Basi kuuliza kama vivuli vinatosha ni kuuliza kama wageni hawa wanawafunga nira watu ambao nyumbani kwao hawakuwa wenza.

Saa sita za uongo

Kuna swali la ndani zaidi. Badala ya kuuliza kama unaweza kutoka kwenye tendo hili ukafika kwenye lile, uliza: ni njia zipi za kutoka na kurudi zinazoniacha nilipokuwa? Ukiwa na kikundi kidogo cha matendo ndani ya kundi kubwa, njia zote zinazokirudisha kikundi hicho kuwa kilekile huitwa nomalaiza yake. Wenza hutuambia nani ni ndugu wa nani. Nomalaiza hutuambia ni nani anayeweza kuingia nyumba hii na kutoka bila kuibadilisha.

Rudi kwenye saa ya ukutani na mpinduo wa mstari wa 12 na 6. Ni misogeo ipi inayouacha ulivyo? Saa moja huugeuza kuwa mpinduo wa 1 na 7. Saa mbili huupeleka 2 na 8. Lakini saa sita huupeleka 6 na 12, na mstari wa 6 na 12 ndio uleule wa 12 na 6. Kwa hiyo msogeo wa saa sita umo ndani ya nomalaiza.

Msomaji wa Kiswahili anaujua msogeo huo kuliko mwanahisabati yeyote wa Frankfurt. Ndio tunaoufanya kila tunapoangalia saa ya ukutani na kusoma tarakimu iliyo mkabala na mshale. Mshale mfupi uko 9, sisi tunasema saa tatu. Uko 3, tunasema saa tisa. Kwenda na kurudi ni tendo moja.

Sasa nyoosha saa irudi kuwa mstari. Ni msogeo gani unaouacha mpinduo wa 0 ulivyo? Hakuna. Ukisogeza hatua t, kitovu cha mpinduo husogea hatua t, na kwenye mstari hakuna upande wa mkabala wa kukuokoa. Nomalaiza kwenye mstari haina chochote zaidi ya mpinduo wenyewe na kutotenda. Kivuli cha 12 kimetuonyesha kitu ambacho hakipo. Kimedanganya.

Je, uongo huu unaingia kwenye ukamilisho? Muulize shahidi wa 24. Kiumbe kinachosimama 6 kwenye saa ya 12 lazima kisimame ama 6 ama 18 kwenye saa ya 24. Kwenye saa hiyo, msogeo wa 6 huupeleka mpinduo wa mstari wa 0 na 12 hadi mstari wa 6 na 18, ambao ni mstari mwingine kabisa. Msogeo wa 18 hufanya vilevile. Shahidi wa 24 amekanusha. Yeye naye ana uongo wake, msogeo wa 12, ambao utakanushwa na saa ya 48. Kila kivuli chenye tarakimu shufwa kina uongo wake, na kila uongo una kivuli kikubwa zaidi kinachoufichua. Vikikaa vyote barazani, hakuna uongo unaosalia. Nomalaiza ndani ya ukamilisho ni ileile ya kwenye mstari.

Hili ndilo jambo ninalotaka msomaji aondoke nalo. Kweli hapa haikutoka kwa shahidi mmoja mwaminifu, kwa sababu mashahidi wengi walikuwa na makosa yao. Ilitoka kwenye sharti la kupatana.

Mwaka 2014 Luis Ribes na Zalesskii walithibitisha kwamba jambo hili halikuwa bahati ya mstari wetu. Chukua kundi lolote lililo huru au karibu huru, lenye matendo ya msingi yanayohesabika hadi mwisho, na ndani yake kikundi cha aina hiyohiyo. Nomalaiza ya kikundi hicho ndani ya ukamilisho haina kingine ila kile kinachopatikana kwa kukamilisha nomalaiza ya nyumbani. Wageni wanaweza kuwa wengi, lakini hakuna anayeingia kwa mlango ambao wenyeji hawakuwa nao. Njia ya kufika huko ilianza kusafishwa mwaka 1949, Marshall Hall alipoonyesha kwamba vikundi vya aina hiyo ndani ya kundi huru huonekana wazi kupitia vivuli: tendo lisilokuwa la kikundi halikosi kivuli cha kulitoa nje.

Pale ushahidi unapopungua

Isingekuwa haki kuishia hapo, maana si kila kundi lina bahati hii. Chukua matriksi za namba nne kamili, mbili juu na mbili chini, ambazo zao la mshazari mmoja likitolewa zao la mshazari wa pili hubaki 1. Mbili kati yake ni hizi: ya kwanza ina 188 na 275 juu, 121 na 177 chini; ya pili ina 188 na 11 juu, 3,025 na 177 chini. Ukizidisha 188 na 177 unapata 33,276. Ukizidisha 275 na 121, au 11 na 3,025, unapata 33,275. Jumla ya mshazari wa kwanza kwa zote mbili ni 365.

Zitazame kwa mabaki kwenye saa yoyote, ya 2, ya 7, ya 1,000, ya milioni. Kila mara ni wenza. Lakini kwa kweli si wenza. Kila matriksi hubeba ndani yake fomula ya kutoa namba, na matriksi zilizo wenza hubeba fomula zinazotoa namba zilezile. Ukiondoa kigawo cha 11, ya kwanza hubeba 11x² − xy − 25y², ya pili 275x² − xy − y². Ya pili hutoa hasi 1 mara moja: weka x kuwa 0 na y kuwa 1. Ya kwanza haitoi hasi 1 kamwe, uijaribu kwa namba kamili zozote. Nadharia ya fomula za namna hii ilisimamishwa na Carl Friedrich Gauss katika kitabu chake cha mwaka 1801, nayo ndiyo inayotupa hakika hiyo.

Basi vivuli vimeshindwa? Bado. Kundi hili la matriksi za namba nne ni karibu huru, na makundi karibu huru, tulisema, yana tabia njema. Lazima kiwepo kivuli kinachozitenganisha. Nacho kipo, ila si cha mabaki. Tangu karne ya 19 ilijulikana kwamba kundi hili lina vivuli vya ziada ambavyo havitokani na saa yoyote. Mashahidi wa mabaki walisema wote neno moja, wakapatana, na bado ukweli uliwapita. Mashahidi wa ukoo mwingine ndio waliouona.

Panda ngazi moja, kwenye matriksi za namba 9, tatu kwa tatu. Hapo Hyman Bass, Michel Lazard na Jean-Pierre Serre walithibitisha mwaka 1964 kwamba vivuli vya mabaki ndivyo pekee vilivyopo. Hakuna ukoo wa pili wa mashahidi. Na mwaka 1972 P. F. Stebe alionyesha kwamba humo mna matriksi ambazo si wenza na ambazo hakuna kivuli kinachoweza kuzitenganisha. Kwenye ukamilisho wake wageni wamewafunga nira wasiohusiana. Mpelelezi wetu wa pili angefungua vivuli milele bila kugonga mlango.

Ukubwa wa kundi haukuwa kipimo cha wingi wa ushahidi. Kundi la karibu huru, lenye kanuni chache, limejaa vivuli vya kila namna, kwa hiyo linajulikana. Kundi lililobanwa na kanuni nyingi lina vivuli vichache, vyote vya ukoo mmoja, kwa hiyo linaficha. Uhuru ndio uliozaa mashahidi.

Ukikutana na 21:00 kwenye simu, utaona kwamba huwezi tena kutazama upande wa mkabala bila kufikiri. Lazima ujue kama unatoa sita au unaongeza sita, kwa maana kwenye saa ya 24 kwenda na kurudi ni njia mbili tofauti: kutoa kunakupa 15, ambayo ukihesabu tangu mwanzo wa mchana ni saa tatu usiku, na kuongeza kunakupa 3, ambayo ni saa tatu ya siku nyingine. Kile kinachokuchelewesha kwa sekunde moja ni shahidi wa 24 akimsahihisha shahidi wa 12.